Ufagio na Chachu

Kuna desturi moja ya wacha Mungu, kongwe na yenye heshima, ya kuisoma dunia kama kitabu kisomwavyo. Mtu aliyeizoea desturi hii haoni taa ikiwashwa jioni ila huwakumbuka wale wanawali kumi. Hapiti penye ujenzi ila hulitafuta kwa macho jiwe la pembeni. Hashoni kifungo kilichokatika ila huwaza juu ya urafiki uliokatika. Maji yakichelewa bombani hujifunza saburi, na yakija hujifunza shukrani. Kwake hakuna jambo dogo, maana kila dogo lina neno kubwa ndani yake, na kazi ya mwamini ni kulitoa nje. Mimbari nyingi za Afrika ya Mashariki huishi kwa desturi hii Jumapili baada ya Jumapili, na wasikilizaji huipenda, kwa kuwa hotuba yenye sufuria na jembe hukaa moyoni kuliko hotuba yenye maneno makavu ya elimu ya dini.

Si desturi ya kudharauliwa. Kitabu cha Mithali kilimtuma mvivu aende kwa chungu, na Mahubiri ya Mlimani yaliwaelekeza wenye wasiwasi kwenye maua ya mashamba. Walakini ina swali ndani yake ambalo aghalabu haliulizwi: mtu anayetoa funzo katika kitu, je, amekiona kitu kile, au amekitumia tu? Swali hilo ni la mzaha kidogo kwa habari ya ufagio na sufuria. Huwa zito linapofika kwa binadamu, maana binadamu naye ni miongoni mwa mambo ya kila siku ambayo wacha Mungu hukutana nayo njiani wakayatolea mafunzo.

Na yaanze kwanza ya ufagio, kwa sababu kilitokea kisa juu yake.

Mwaka 1665 Robert Boyle, mwana wa jamaa kubwa ya Ireland na mmoja wa waanzilishi wa elimu ya kemia, alitoa kitabu cha tafakuri fupi fupi juu ya mambo yanayomtokea mtu bila ya kutazamiwa. Huyu ndiye Boyle ambaye kanuni yake ya hewa, aliyoitangaza mwaka 1662, hufundishwa hata leo katika shule za sekondari: kwamba hewa ikibanwa hata nafasi yake ikawa nusu, nguvu ya msukumo wake huwa maradufu, maadamu joto halikubadilika. Katika kitabu cha tafakuri aliandika juu ya kuvua samaki, na juu ya kula chaza, na juu ya mbwa wake aliyejihadhari asipoteane na bwana wake mahali pageni. Nyingi katika tafakuri hizo zilikuwa za ujana wake. Nia yake ilikuwa njema kabisa: saa zinazopotea njiani au juu ya farasi zipate kuzaa kitu, na moyo uzoee kumwendea Mungu kutoka mahali popote unapokuwa.

Kitabu kilipendwa. Mmoja wa waliokipenda alikuwa mke wa Earl of Berkeley, na kasisi wa nyumba hiyo, aliyepewa kazi ya kumsomea bibi huyo, alikuwa kijana Jonathan Swift, ambaye baadaye alikuja kutunga safari za Gulliver. Thomas Sheridan, aliyeandika maisha ya Swift katika mwaka 1784, anasimulia kwamba kasisi alichoshwa na tafakuri zile. Siku moja akaandika tafakuri yake mwenyewe juu ya mpini wa ufagio, akaipachika kitabuni kwa siri, akaisoma kwa uso mkavu usio na dalili ya kicheko. Ndani yake alisema kwamba ufagio hapo zamani ulikuwa mti uliostawi msituni, na sasa umepinduliwa, matawi chini na shina juu. Na kwamba mwanadamu vile vile ni kiumbe aliyepinduliwa, ambaye hushika kazi ya kufagia uchafu wa watu wengine na kutimua vumbi mahali ambapo halikuwapo. Bibi akastaajabia kidogo kichwa cha habari, kisha akasifu jinsi mwandishi mkubwa alivyoweza kutoa mafunzo mazuri katika kitu duni namna ile. Wageni walipofika akawasimulia. Hakuna aliyewahi kuisikia tafakuri hiyo. Kitabu kilipofunguliwa, ikaonekana imeandikwa kwa mkono wa Swift. Bibi akacheka pamoja nao, na hilo ni jambo la kumsifu.

Watu wamekichukua kisa hiki kuwa ni dhihaka tu, lakini ndani ya dhihaka mna hoja kali kuliko hoja za wengi waliompinga Boyle kwa maneno mazito. Swift alionyesha kwamba mtu stadi wa maneno anaweza kutoa funzo katika kitu cho chote bila ya kujua lo lote juu ya kitu hicho. Funzo la kwamba mwanadamu ni dhaifu na mwenye majivuno lilikuwapo tayari kabla ufagio haujaonekana. Lilikuwa linatafuta mahali pa kutundikwa, kama kanzu itafutavyo msumari. Lau ungekosekana ufagio, mwavuli ungalifaa, au kinu, au kiatu. Na ufagio haukuweza kubisha. Hapo ndipo ilipo siri ya mambo yote. Kitu kisichoweza kubisha huitika kila kinachosemwa juu yake, na msemaji huchukua mwitiko huo kuwa ni sauti ya Mungu, kumbe ni mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

Kwa haki, Boyle hakustahili kubebeshwa lawama yote. Alikuwa mtu wa kutazama. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mbwa aliyemwandika alikuwa mbwa wake hasa, na hofu ya mbwa katika njia ngeni ni hofu anayoijua kila aliyefuga mbwa.

Lakini vitu vingi vina wenyewe, na wenyewe wanaweza kubisha kwa niaba yao. Huchukuliwa mfano wa mvuvi. Ni mara nyingi kusikika katika hotuba kwamba mvuvi ni kielelezo cha saburi: hukaa ndani ya ngalawa kuanzia alfajiri, jua likampiga, naye angoja kwa imani bila ya kunung'unika. Mtu wa bara huyapokea maneno haya kwa furaha. Mvuvi wa Pemba au wa Lamu, akiwa ndani ya kundi la wasikilizaji, hutabasamu chini kwa chini. Yeye hangoji tu. Anajua bamvua na maji mafu, anajua kusi na kaskazi, anajua mwamba upi una samaki gani katika mwezi upi, na siku anayoona haina samaki huketi pwani akashona nyavu zake. Kinachoitwa saburi yake ni elimu. Mhubiri ambaye angalimwuliza kabla ya kupanda mimbarini angalipata funzo jingine, tena zito zaidi: kwamba iko namna ya kungojea ambayo si uvumilivu ila ni ujinga, na kwamba anayemngoja Mungu huenda anatakiwa kujua kitu juu ya majira ya Mungu. Funzo hilo mhubiri hakulijua kabla. Hii ndiyo alama ya kwamba limetoka katika kitu chenyewe.

Injili ya Luka ina habari ya seremala wa Nazareti aliyemwambia mvuvi Simoni atupe nyavu kilindini, na mvuvi akabisha kwanza. Alikuwa amevua usiku kucha asipate kitu, naye alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ubishi wake haukufutwa katika kitabu. Umeachwa pale, na usingekuwapo, kutii kwake kusingekuwa na thamani.

Mtu akiisoma mifano ya Yesu baada ya kusoma vitabu vya mafunzo vya karne za baadaye huiona tofauti mara moja. Mifano ile haina harufu ya msumari wa kutundikia kanzu. Mpanzi hupoteza mbegu njiani na miambani, na mkulima ye yote anayesikia huuliza kwa nini anapanda ovyo. Wakili asiye mwaminifu husifiwa, na wafafanuzi wamehangaika naye hata leo. Vitu vya mifano ile ni vigumu, vina ukaidi, havikubali kulainishwa viwe hotuba.

Ya chachu yastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ni fupi kupita nyingi na wengi huipita mbio. Mwanamke anatwaa chachu, anaitia katika unga, unga wote unachacha; imekwisha. Wahubiri husema kwamba imani ndogo huleta matokeo makubwa, kisha wakaendelea na mambo mengine. Lakini mwanamke anayekanda ngano kwa ajili ya maandazi ya kuuza anajua mengi ambayo hotuba hiyo haikuyagusa. Maji yakiwa ya moto mno hamira hufa. Yakiwa baridi hulala. Siku ya mvua donge huchelewa kuumuka. Likikandwa kidogo halishiki, na likifunuliwa kila dakika kwa pupa ya kutazama hupoa na kudumaa. Mtu hulifunika kwa kitambaa, akaenda zake kufanya kazi nyingine, akalisahau kwa makusudi. Tena chachu ikishaingia hapana awezaye kuitoa. Hapana kidole kiwezacho kuionyesha iko mahali gani ndani ya donge.

Na wale waliousikia mfano huo mara ya kwanza walikuwa na sababu nyingine ya kushtuka. Chachu yao haikuwa hamira ya dukani. Ilikuwa kipande cha donge la zamani lililochacha, kama vile mahali pengine pwani tembo la mnazi lilivyotumika kuumua mikate. Sheria iliwaamuru kuiondoa nyumbani kila Pasaka. Yesu mwenyewe aliwaonya wanafunzi juu ya chachu ya Mafarisayo, na Paulo aliwaandikia Wakorintho waitupe ya kale. Kwao chachu ilikuwa aghalabu mfano wa uharibifu unaoenea. Kuufananisha Ufalme wa mbinguni na kitu kile kulikuwa karibu na kukosa adabu. Tena mwanamke yule hakusemwa kwamba alichanganya chachu, bali kwamba aliificha, na tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952 imelihifadhi neno hilo kwa uzuri wake. Tafsiri ile imesema pishi tatu. Kipimo cha asili kilikuwa kikubwa kuliko pishi ya madukani, kiasi cha lita 13 kila kimoja, na vitatu vyake ni unga wa karamu ya kijiji. Ni vipimo vile vile vitatu ambavyo Ibrahimu alimwambia Sara aukande upesi walipofika wageni watatu mlangoni pa hema. Basi mwanamke mmoja, kitu kinachodhaniwa kichafu, kazi ya siri, na chakula cha watu zaidi ya mia. Asiyewahi kukanda asingeweza kuona hata nusu ya hayo. Aliyeutunga mfano, yamkini, alikuwa mtoto aliyekaa karibu na mama akikanda, akatazama.

Kiyunani cha Injili ya Mathayo, kinapowaambia watu wayafikiri maua, kimetumia neno lenye maana ya kujifunza barabara, kujifunza hata mwisho. Si kutupa jicho.

Wenye kusema Kiswahili wana urithi wao katika jambo hili, nao ni methali, ambazo nyingi zimetoka jikoni, shambani na baharini. Methali ina adabu moja ambayo hotuba mara nyingi haina: inakubali mwenzake. Anayeambiwa kwamba haraka haraka haina baraka anaweza kujibu kwamba ngoja ngoja yaumiza matumbo, na wote wawili wakabaki wenye busara. Methali hujua kwamba jambo moja la maisha halisemi neno moja tu. Haya yatosha juu ya methali.

Kwa binadamu shughuli hii huacha kuwa ya fasihi. Ufagio ukitolewa funzo la uwongo hauumii. Mtu huumia.

Wako waliomwendea Yesu na habari mbaya, naye akawakumbusha nyingine: mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Kila mmoja wa wasikilizaji alikuwa na funzo tayari, kwamba wale wafu walikuwa na dhambi kuliko wenzao. Alilikataa funzo hilo waziwazi. Hakulitia lingine mahali pake juu ya wale 18. Aliwaacha wafu kama walivyo, akawageukia walio hai na hali yao wenyewe. Kadhalika wanafunzi walipoona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Mtu alikuwa ameketi mbele yao, anasikia, nao wanamjadili kama maandishi ukutani. Yesu alijibu kwamba si huyu wala hao, kisha akainama akafanya tope kwa mate. Ni kweli kwamba alisema pia ya kuwa kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake, na maneno hayo yamewapa wengi ruhusa ya kuendelea kuwageuza vipofu kuwa masomo. Lakini aliyeyasema alikuwa na tope mikononi. Asiye na tope na ayatumie kwa tahadhari.

Rafiki za Ayubu walikaa pamoja naye chini siku saba, mchana na usiku, bila ya kusema neno, na katika siku hizo saba walikuwa rafiki wa kweli. Taabu yao ilianza walipofungua vinywa. Kila walichokisema kilikuwa funzo, na mafunzo yao mengi, yakisomwa peke yake, ni mazuri; yangaliweza kusimamishwa katika mimbari yo yote leo. Mwishoni mwa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Katika misiba ya Wakristo wa nchi hizi, hasa msiba wa mtoto, kuna funzo moja lililozoeleka sana: kwamba Mungu, kama mwenye bustani, hupita akichuma ua lililo zuri kuliko yote. Hulisema mtu mwema, kwa sauti ya upole, naye hutaka kufariji. Mfano huo na upimwe kwa kipimo cha mvuvi na cha mkanda unga. Nani mwenye kujua bustani anayeweza kuukubali? Ua likichumwa ni kwa ajili ya kupamba meza, na baada ya siku mbili hutupwa. Mti wenyewe haukuulizwa. Katika mfano huu mama ndiye mti, naye amesahauliwa. Tena Mungu amefanywa mtu anayependezwa na watoto wazuri kwa namna ambayo jirani akipendezwa nayo angefungiwa mlango. Mama aliyefiwa husikia hayo yote, ijapokuwa hana nguvu ya kuyasema. Huitikia amina kwa sababu ya adabu, na amina yake huhesabiwa kuwa amefarijika. Amekuwa kama ufagio: hawezi kubisha.

Huko Bethania, dada wawili wa Lazaro walimwambia Yesu maneno yale yale, mmoja baada ya mwingine: kwamba angalikuwapo, ndugu yao asingalikufa. Martha alipata jibu la maneno, nalo ni miongoni mwa mafundisho makubwa ya Injili ya Yohana. Mariamu alisema vile vile neno kwa neno, akapata machozi. Hapana maelezo ya tofauti hiyo katika kitabu. Inaonekana tu kwamba mwenye kufundisha alimtazama kila mmoja wao, akaona kwamba mmoja alikuwa anauliza na mwingine alikuwa analia.

Iko namna nyingine ya kumtumia mtu, isiyo na machozi, nayo ni ya kila siku hasa. Katika nyumba nyingi za mjini yumo msichana wa kazi, ambaye huitwa dada, ijapokuwa dada wa tumbo moja halali jikoni wala hali wa mwisho. Huamka saa kumi na moja alfajiri, akawasha jiko, akachemsha maji, akawaandaa watoto wa wenyewe kwenda shule. Mama mwenye nyumba, mwanamke mcha Mungu, hutoka chumbani akamwona, na moyo wake huguswa: huyu hakuchelewa, taa yake inawaka, amekesha kama wale wanawali wenye busara. Huyasimulia hayo katika kikundi cha akina mama cha sala, na wote husema limewabariki. Funzo si la uwongo. Kukesha kupo, utii upo. Bali msichana anakesha kwa sababu akilala atafukuzwa, na mshahara wake wa miezi miwili haujalipwa, na Waraka wa Yakobo una maneno juu ya ujira uliozuiliwa ambayo mama huyo anayajua kwa moyo. Alitazama mahali penyewe, saa yenyewe, mtu mwenyewe, akaona wanawali. Alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye funzo lililokusudiwa kwake.

Nabii Nathani alijua hatari hii, akaigeuza kuwa dawa. Alipomwendea Daudi baada ya mambo ya Uria, hakumtolea hotuba. Alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake mmoja wa kike, aliyekula katika chakula cha maskini yule na kunywa katika kikombe chake, na tajiri aliyemchukua akamchinjia mgeni. Daudi alikuwa mchungaji wa kondoo kabla hajawa mfalme. Alijua mwanakondoo ni nini. Kwa hiyo hasira yake ilikuwa ya kweli, akatoa hukumu ya kifo, na ndipo alipoambiwa kwamba mtu yule ni yeye. Wengi wanaotoa mafunzo katika mambo ya kila siku husimama mahali pa Nathani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba huenda wamesimama mahali pa Daudi, na kwamba funzo la kwanza katika jambo lo lote humwangukia yule aliyeliona.

Huenda ikasemwa kwamba masharti haya ni mazito mno. Kwamba ikiwa mvuvi peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kusema juu ya bahari, na mfiwa peke yake juu ya msiba, basi mimbari zote zitanyamaza na dunia itabaki bubu. Hoja hii ina nguvu, na haifai kujibiwa kwa wepesi. Hapana anayejua vitu vyote kwa mikono yake, na mfano wa kuazima huweza kuokoa roho. Lakini kuuliza ni rahisi. Mvuvi yuko pwani. Mkanda unga yuko nje ya kanisa lenyewe na beseni lake, tangu asubuhi. Msichana wa kazi yumo ndani ya nyumba. Kuna mafunzo mengi ambayo hayakupotea kwa sababu ya ugumu wake, yalipotea kwa sababu mwenye kuyatafuta aliona aibu kumwuliza asiyekwenda shule.

Katika mwaka ule ule wa 1691 aliokufa Boyle, alikufa pia huko Paris mtawa mmoja wa Karmeli asiye na elimu kubwa, Ndugu Laurent, ambaye jina lake la uraiani lilikuwa Nicolas Herman, mzaliwa wa Lorraine. Alikuwa askari katika vita vya miaka 30, akajeruhiwa mguu, akabaki kiwete. Baadaye akatumika nyumbani mwa bwana mmoja, na kwa ushuhuda wake mwenyewe alikuwa mzito wa mwili mwenye kuvunja kila kitu. Mazungumzo yake na barua zake zilikusanywa baada ya kufa kwake na padri Joseph de Beaufort, na zimesomwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa miaka zaidi ya 300.

Katika maisha yake lipo funzo moja mashuhuri lililotoka katika kitu. Alipokuwa na umri wa miaka 18, wakati wa baridi, aliona mti usio na jani hata moja, akawaza kwamba muda si muda majani yatarudi, kisha maua, kisha matunda. Na kwa kuwaza hivyo alipata mwanga juu ya uwezo wa Mungu ambao hakuwahi kuupoteza. Anayeishi karibu na ikweta huenda asione ajabu ya mti huo mpaka aukumbuke mbuyu wa kiangazi, ambao mgeni huudhani umekufa. Mti ule Laurent hakuutolea hotuba. Hakuwaambia wengine wautazame. Ulikuwa wake.

Baadaye monasteri ilimtia jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake aliichukia sana, akaifanya kiasi cha miaka 15. Hapa ndipo msomaji wa vitabu vya mafunzo angetazamia sufuria zianze kusema: moto uwe mateso, chumvi iwe neema, masizi yawe dhambi. Hakuna. Katika mazungumzo yake yote jiko ni jiko. Aligeuza kimanda katika kikaango kwa ajili ya Mungu, na kimanda kikabaki kimanda kwa ajili ya ndugu wenye njaa. Hakusema kwamba alikuja kuipenda kazi ile kwa kuwa ilimfundisha jambo. Alisema kwamba aliiona nyepesi, kwa kuwa hakuwa peke yake ndani yake. Kisha miguu ilipomwia vigumu zaidi alipelekwa kwenye karakana ya viatu, akashona ndara za wenzake.

Mara moja walimtuma Burgundy kununua divai ya monasteri. Hakuwa na ustadi wo wote wa biashara, wala hakuweza kutembea ndani ya chombo cha mtoni kwa ajili ya mguu wake, ila kwa kujibiringisha juu ya mapipa. Alimweleza Beaufort habari hiyo bila ya haya wala ya kujipamba, na hakutoa funzo lo lote juu ya mapipa. Alisema tu kwamba alimwambia Mungu kuwa shughuli ile ilikuwa Yake, na kwamba baadaye aliona imefanyika vizuri sana.